4WD na habu za kufunga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi magari yaliyozoeleka kwenye barabara zetu za vumbi na tope: Land Cruiser 70, Prado, Hilux, Pajero, Jimny na Defender. Pembeni kidogo tumegusa RAV4, X-Trail na Subaru. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti na tulichoandika hapa, fuata kitabu.

## Misingi

4WD (gari kuendeshwa na matairi yote manne) inafanya nini hasa?

Inapeleka nguvu ya injini kwenye ekseli mbili badala ya moja. Nguvu ikitoka kwenye gia boksi huingia kwenye transfa, na transfa huigawa kwa propela mbili (shafti ndefu zilizo chini ya gari): moja inaenda difu ya nyuma, nyingine difu ya mbele. Kila difu nayo huigawa kwa shafti mbili za matairi yake.

Haiongezi nguvu ya injini, haifupishi umbali wa kufunga breki, wala haifanyi tairi kipara liume ardhi. Kazi ya kuondoka inagawanywa kwa matairi manne, basi.

Kwa nini naambiwa nisitembelee 4H (matairi manne, gia za kawaida) kwenye lami?

Ushauri huu unahusu magari yasiyo na difu ya katikati (difu ya tatu, kati ya ekseli mbili), na sababu yake ni hesabu tu. Gari likikata kona, matairi ya mbele huzunguka duara kubwa kuliko ya nyuma. Chukua Land Cruiser 78 (mojawapo ya zile za 70), ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.98. Ukiligeuza nusu duara huku katikati ya ekseli ya nyuma ikiwa mita 7 kutoka kitovu cha duara, ekseli ya nyuma itatembea kama mita 22 na ya mbele karibu mita 24. Tofauti ni takriban mita 2 kwa kona moja tu.

Ukiwa 4H, transfa imezifunga propela mbili zizunguke sawasawa. Sasa zile mita 2 zitakwenda wapi? Kwenye tope, mchanga au changarawe, tairi huteleza kidogo na mkazo unaisha bila wewe kujua. Kwenye lami kavu tairi limeng'ang'ania, kwa hiyo mkazo unabaki ndani, kwenye krosi (viungo vya propela), shafti na meno ya transfa. Utausikia: usukani unakuwa mzito, gari linajivuta kana kwamba limeshikwa breki, matairi yanalia kwenye kona. Ukiendelea, kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachokatika.

Mistari michache ya lami iliyonyooka haitaua gari. Mzunguko wa kuegesha sokoni ndio hatari, kwa sababu kona zake ni kali na zinafuatana.

Nitajuaje gari langu lina mfumo gani?

Anza hapa kabla hujagusa mkono wa transfa, maana ushauri sahihi kwa Land Cruiser 79 ni ushauri mbovu kwa Prado, na fundi wa kijiweni mara nyingi anakujibu kwa kukumbuka gari la mwisho alilotengeneza.

Kama mkono au swichi ina 2H (matairi mawili), 4H (manne) na 4L (manne kwa gia nzito, yaani mwendo mdogo na nguvu nyingi) (Toyota nyingi za zamani zimeandikwa H2, H4 na L4), hiyo ni 4WD ya muda. Kawaida unaendesha kwa matairi ya nyuma, na ya mbele unayaita ukiyahitaji. Ndivyo zilivyo Land Cruiser 70, Hilux, Jimny, na Land Rover za kale zilizotangulia Defender. Ubaguzi ni Pajero, ambayo nayo ina 2H lakini mfumo wake ni tofauti. Tutaifikia.

Kama mkono wa transfa upo lakini hauna 2H kabisa, basi matairi yote manne yanapokea nguvu muda wote, na katikati kuna difu ya tatu inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Range Rover ilitoka hivyo tangu 1970, na Land Rover One Ten ya 1983, ambayo baadaye iliitwa Defender, ikafuata. Prado nyingi za toleo la 90 zimeandikwa H, HL na LL: H ni ya kila siku na lami haiidhuru, HL inafunga difu ya katikati, LL inafunga na kuongeza gia nzito.

Pajero yenye Super Select, kuanzia ile ya 1991, inachanganya yote. 2H ni nyuma tu. 4H ni manne yenye difu ya katikati iliyo huru, kwa hiyo unaweza kuitumia hata kwenye lami. 4HLc na 4LLc zimefunga katikati, hizo ziache hadi utoke kwenye lami.

Kundi la mwisho ni RAV4, X-Trail na ndugu zao. Nyingi kati yake huendeshwa na matairi ya mbele, na kompyuta huiita ekseli ya nyuma pale ya mbele inapoteleza. Hazina gia nzito. Ni gari nzuri kwa barabara ya kijijini iliyonyeshewa, ila kitufe chake cha LOCK kisikudanganye: kwenye RAV4 ya 2005 na kuendelea kinajiachia chenyewe ukifika mwendo wa kama 40 km/h, na ukilazimisha kazi nzito kwa muda mrefu mfumo hupata moto na kujizima ili usiungue.

4L ni ya nini, na inatofautianaje na 4H?

4L inapunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Kwenye Land Cruiser 70 inazidisha takriban mara 2.5, Defender ya zamani mara 3.3, Jimny mara 2. Kwa hiyo gia namba moja ya 4L ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Watu huikumbuka kwa kupanda. Thamani yake kubwa iko kwenye kushuka: unaweka gia ya kwanza, unatoa mguu kwenye breki, injini inalishika gari. Mteremko wa kuingia bonde la Ngorongoro, ambako gari lisilo 4WD haliruhusiwi, ni mahali pazuri pa kuelewa jambo hili. Kwenye mchanga, lakini, 4L mara nyingi inachimba badala ya kusogeza. Anza na 4H.

## Habu

Habu za kufunga ni nini?

Ni kile kichwa kilichotokeza katikati ya rimu ya mbele, chenye kidude cha kuzungusha kilichoandikwa FREE na LOCK. Ndani yake kuna pete yenye meno inayoteleza kama komeo. Ukizungusha LOCK, pete inaunganisha shafti na gurudumu, na sasa vinazunguka pamoja. Ukirudisha FREE, gurudumu linazunguka peke yake juu ya beringi, huku shafti, difu ya mbele na propela yake vikiwa vimetulia.

Faida ya FREE ni kupunguza uchakavu, kelele na mafuta kidogo. Kidogo kweli: usitegemee muujiza kwenye pampu. Habu hizi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Arthur Warn wa Marekani alianza kuzitengeneza mwaka 1948 kwa ajili ya jeep za jeshi zilizouzwa kwa raia, ambazo kwenye barabara nzuri zilikuwa zinazungusha vyuma vya mbele bure.

Nizifunge lini?

Kabla ya tope. Ukishazama hadi ekseli utazifunga ukiwa umepiga magoti ndani ya maji machafu, na kidude chenyewe kimejaa udongo. Masika yakianza na njia yako ina udongo mweusi wa mbuga, zifunge asubuhi nyumbani na uziache hivyo.

Zungusha kwa mkono tu. Ikigoma, sogeza gari kidogo mbele au nyuma ili meno yapangane, kisha jaribu tena. Koleo na bisibisi ndivyo vinavyovunja vidude hivi kuliko kitu kingine chochote.

Nikiziacha LOCK huku natembea 2H, naharibu kitu?

Hapana. Vyuma vya mbele vinazunguka bila kubeba mzigo, basi. Utasikia mvumo kidogo na mafuta yatapanda kiduchu. Madereva wengi wa safari huziacha zimefungwa msimu mzima wa mvua, na wana akili.

Nikiweka 4H lakini habu ziko FREE?

Taa ya 4WD inaweza kuwaka na propela ya mbele itazunguka, lakini gurudumu la mbele halipati kitu. Uko 2WD yenye taa. Hiki ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya "4WD yangu haifanyi kazi". Kagua habu kabla hujafungua transfa.

Kuna wanaofanya hivi kwa makusudi: habu FREE na mkono 4L, ili wapate gia nzito kwa matairi ya nyuma pekee, mfano kurudisha trela nyuma kwenye sakafu ngumu bila ule mkazo wa kona. Inawezekana, ila kumbuka nguvu yote iliyozidishwa inaangukia shafti mbili za nyuma. Usikanyage mafuta kwa hasira.

Je, moja ikiwa LOCK na nyingine FREE?

Ukiwa 2H hakuna madhara. Ukiwa 4H, difu ya mbele itamwaga nguvu yote upande ulio FREE, kwa sababu shafti ya huko haina cha kuizuia, na ekseli nzima ya mbele inakuwa haina kazi. Kwa hiyo habu moja iliyosahaulika ni sawa na mbili zilizosahaulika.

Habu za kujifunga zenyewe zina tofauti gani?

Hizi hujifunga shafti ya mbele inapoanza kuzunguka. Kwenye aina nyingi za zamani, kuzifungua ni hadi urudi 2H kisha urudishe gari nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka. Dereva asiyejua hatua hiyo ya kurudi nyuma hutembea na habu zimefungwa wiki nzima akishangaa kelele.

Udhaifu wake unaonekana pale unapokwama na kuanza kulitikisa gari mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kila ukibadili mwelekeo, baadhi yake hujifungua kwanza kabla ya kujifunga tena, wakati mwingine kwa mlio wa kuogofya. Toyota ilipunguza tatizo hili kwenye Land Cruiser 70 kwa kuweka habu zenye AUTO na LOCK: siku za kawaida AUTO, njia ikiwa mbaya unashuka na kuifunga kwa mkono. Kwa maoni yetu anayeishi porini aweke za mkono tupu. Zina vipande vichache vya kuharibika.

Jimny yangu ina kitufe tu, na taa ya 4WD inapepesa. Tatizo ni nini?

Jimny za 1998 hadi 2018 zilizo nyingi hufunga habu kwa vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa) inayopita kwenye mipira midogo kutoka injini. Mpira ukipasuka au sili ya habu ikivuja, vakyumu haifiki na habu hazifungi. Anza na mipira, ni rahisi. Wengi hatimaye huziondoa na kuweka habu za mkono, na hawajutii.

Hilux yangu ni 4WD lakini sioni habu yoyote. Nimeuziwa feki?

La. Hilux nyingi za kuanzia 2005 zimeunganisha shafti na gurudumu moja kwa moja, na kiungo cha kufungua kimehamishiwa kwenye difu ya mbele, ambako mota ndogo hukata au kuunga shafti ya upande mmoja. Ukiweka 4H inajifanyia kazi yenyewe.

## Difu na loki

Nimeweka 4WD, habu zimefungwa, na bado nimekwama huku matairi mawili tu yanazunguka. Kwa nini?

Kwa sababu 4WD ya kawaida haijafunga difu za ekseli. Difu huru hupeleka nguvu sawa pande zote mbili, na kiwango chake kinaamuliwa na upande ulio dhaifu. Tairi moja likining'inia hewani haliwezi kupokea nguvu yoyote ya maana, kwa hiyo na mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu naye anapata kiasi hichohicho: karibu sifuri. Mtaro uliokatiza barabara kwa mshazari, ukainua tairi la mbele kulia na la nyuma kushoto, unatosha kulisimamisha gari la 4WD lenye injini ya lita 4.2.

Dawa ni loki ya difu. Usipokuwa nayo, jaza mawe chini ya tairi linaloning'inia. Kanyaga mafuta kidogo huku mguu wa kushoto ukigusa breki; wakati mwingine difu hudanganyika.

Loki ya katikati na loki ya difu ya nyuma si kitu kimoja?

Si kimoja. Loki ya katikati, iliyoko kwenye Prado au Defender, inafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja. Inachokupa ni kile ambacho Land Cruiser 70 inakipata ikiwa 4H tu. Loki ya ekseli inafunga tairi la kulia na la kushoto. Muuzaji akikuambia "ina difu loki", muulize ipi.

Kwenye Land Cruiser 70 zenye loki mbili, swichi inaenda nyuma kwanza, kisha nyuma na mbele pamoja. Mpangilio huo una maana: ukifunga ya mbele, usukani unakuwa mgumu na gari linataka kwenda moja kwa moja. Itumie kwa mita chache, ifungue.

Na LSD (limited-slip differential)?

Ni difu inayozuia tairi moja kuzunguka ovyo, lakini haifungi kabisa. Inahitaji oili iliyoandikwa kuwa ni ya LSD.

## Ukiwa njiani

Naweza kuhama 2H kwenda 4H bila kusimama?

Ndiyo kwa magari mengi, mradi habu zimefungwa, gari liko kwenye mstari ulionyooka na matairi ya nyuma hayatelezi. Ukiwa tayari unachimba tope, ondoa mguu kwenye mafuta kwanza. Kikomo cha mwendo kiko kwenye kitabu na kinatofautiana sana. Kwenda 4L ni jambo jingine: simama, kanyaga klachi, au weka N kama ni otomatiki.

Mkono umegoma kutoka 4H. Nifanyeje?

Usiulazimishe. Ni ule mkazo tulioueleza kwenye swali la lami, umeyakaba meno. Rudi nyuma mita kadhaa kwa mstari ulionyooka ukiwa umeshika mkono kwa upole, utaachia. Ikishindikana, peleka upande mmoja wa matairi kwenye mchanga wa pembeni, au inua tairi moja kwa jeki na utaliona likijifungua lenyewe. Kaa mbali nalo.

Lami imelowa mvua, niweke 4H?

Kama una difu ya katikati, tayari uko salama. Kama huna, kaa 2H na upunguze mwendo.

## Matunzo na mtumba

Sijawahi kutumia 4WD tangu ninunue gari. Kuna ubaya?

Upo. Oili ya difu ya mbele imelala chini na sili zinakauka. Toyota hushauri magari ya aina hii yatembezwe 4WD angalau kilomita 16 kila mwezi. Tafuta barabara ya vumbi.

Nitapimaje habu kabla ya kununua gari?

Inua tairi la mbele kwa jeki, zuia mengine, gari likiwa 2H. Habu ikiwa FREE, zungusha tairi: shafti iliyo nyuma yake isimame. Weka LOCK, zungusha tena: shafti izunguke pamoja. Rudia upande wa pili. Dakika kumi hizi zimeokoa pesa za watu wengi. Ukiifungua habu kwa huduma, paka grisi nyembamba. Ukiijaza mpaka kufurika, pete inashindwa kuteleza.

Matairi yanaweza kutofautiana?

Kwa 4WD ya muda ukiwa 2H, tofauti inavumilika. Kwa mfumo wa muda wote ni kosa la gharama. Subaru inataka mizunguko ya matairi manne isizidiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Tairi moja jipya na matatu yaliyolika, au ya mtumba ya chapa tofauti, huilazimisha transfa ifanye kazi ya kona hata njia ikiwa imenyooka.

Nimevuka mto. Nikague nini?

Difu ya moto ikiingia maji baridi hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili, hasa kama mpira wake wa pumzi umeziba. Fungua plagi: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga. Habu nazo zifunguliwe.

## Mambo ya nadra

Shafti ya nyuma imekatika porini. Naweza kurudi kwa matairi ya mbele?

Mara nyingi ndiyo. Fungua propela ya nyuma, funga habu, weka 4H, na gari litaendeshwa na mbele. Kwa Prado au Defender fungua propela hiyohiyo na ufunge loki ya katikati. Lakini angalia kwanza aina ya ekseli: kwenye Land Cruiser 70 nyingi na Defender gurudumu linashikwa na beringi zake hata shafti ikikatika; kwenye Jimny shafti ndiyo inayobeba gurudumu, na ikikatika gurudumu linaweza kutoka.

Nimeweka habu za FREE na LOCK kwenye Defender ili kuokoa mafuta, na sasa gari halitembei!

Difu ya katikati iko huru, na nguvu yote inakimbilia mbele ambako hakuna kinachoizuia. Habu zikiwa FREE, loki ya katikati lazima ifungwe. Binafsi tungeziondoa.

Gari linavutwaje na breakdown?

4WD ya muda: transfa 2H, gia boksi N, habu FREE. Subaru ya otomatiki: juu ya lori, matairi yote manne hewani.

Niliweka breki ya mkono, nikainua tairi la nyuma la Defender, na gari likasogea. Imewezekanaje?

Breki ya mkono ya Defender ya zamani haishiki matairi. Inashika propela ya nyuma inapotoka kwenye transfa. Tairi moja likiwa hewani, difu inaliruhusu lizunguke upande mmoja na lile lililo chini lizunguke upande wa pili, huku propela imesimama tuli. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili, funga loki ya katikati ili ekseli ya mbele isaidie kushika, ndipo upandishe jeki.